Swila Mwenye Tabasamu: Alivyotawala runinga Marekani, kisha akapigwa kalamu wikendi moja

Kama wewe hupenda zile hadithi za jamaa aliyeanza maisha na sufuria moja na godoro chini, pita hii. James Aubrey hakutoka chini. Alizaliwa juu, akapanda juu zaidi, halafu akaanguka bila mtu hata mmoja wa kumdaka. Kati ya 1959 na 1965 yeye ndiye aliyeamua mamilioni ya Wamarekani watazame nini jioni wakitoka kazini. Kisha wikendi moja ya Februari akaitwa ofisini, na kabla wiki mpya haijaanza kiti chake kilikuwa na mwenyewe mwingine.

Unaweza kuuliza, mzungu wa runinga za zamani ananihusu nini mimi niliye na simu mkononi? Anakuhusu sana. Video inayokujia kwenye simu yako usiku imechaguliwa na programu inayohesabu: nani ametazama, kwa dakika ngapi, na tangazo gani linaweza kuchomekwa hapo katikati. Kabla ya programu hiyo kuwepo, kazi ile ile ilifanywa na binadamu. Na kati ya binadamu wote waliowahi kuifanya, wachache waliifanya kwa ukali kama huyu.

Mtoto wa mtu wa matangazo

Aubrey alizaliwa Desemba 14, 1918, mji wa LaSalle, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa kigogo wa matangazo ya biashara Chicago, na familia ikaishi Lake Forest, mtaa wa matajiri kando ya Ziwa Michigan. Huku kwetu tungemwita babi bila kufikiria mara mbili. Alisoma Phillips Exeter, shule ya bweni ya watoto wa wakubwa, kisha Chuo Kikuu cha Princeton, alikocheza mpira wa Kimarekani na kuhitimu 1941. Sisi wengine tuliotoka chuoni bila cheti tunaweza tu kuisoma CV kama hiyo na kusonga mbele.

Lakini shika hilo la kazi ya baba. Kijana huyu alikulia kwenye nyumba ambamo gazeti halikuwa habari, lilikuwa nafasi ya kuuza. Watu wasome wasisome, swali la mezani lilikuwa nani atalipia ule ukurasa.

Vita vya Pili vya Dunia vikamkuta. Akaingia jeshi la anga, akapanda hadi cheo cha meja, akawa mwalimu wa marubani. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni mwigizaji James Stewart, ambaye tayari alikuwa staa mkubwa wa sinema. Na huko huko California akamwoa Phyllis Thaxter mwaka 1944. Dada huyo alikuwa mwigizaji wa kampuni ya MGM, na wakati huo kama kulikuwa na mtu maarufu kwenye nyumba ile, alikuwa mke. Walipata watoto wawili. Hilo jina MGM liweke pembeni, tutalihitaji baadaye.

Vita vilipoisha, jamaa akabaki California akiuza nafasi za matangazo kwenye majarida. Kutoka hapo akaingia CBS kama muuzaji wa matangazo kwenye kituo chao cha redio Los Angeles, kisha kituo chao cha runinga, hadi akawa meneja wake. Kwa hivyo elewa vizuri: huyu hakuingia runinga kama mwandishi, mwigizaji wala mwanahabari. Aliingia kama muuzaji, na muuzaji alibaki.

Kufikia 1956 alikuwa akisimamia vipindi vya CBS huko pwani ya magharibi. Alishiriki kuanzisha Have Gun – Will Travel, kipindi cha kauboi wa kukodiwa ambacho kilikuja kuwa moto wa kuotea mbali. Lakini kipindi kilipofika hewani 1957, yeye alikuwa ameshahama.

Kujifunza kwa wanyonge

Marekani ya wakati huo ilikuwa na mashirika matatu makubwa ya runinga: CBS, NBC na ABC. Makao yao yalikuwa New York, na kila moja lilirushia vipindi vyake vituo washirika kila kona ya nchi. Hakukuwa na chaneli mia mbili za kuchagua. Familia ilikaa sebuleni, ikachagua moja kati ya tatu, basi. Kampuni ya Nielsen ilihesabu nani alichagua nini, na wenye sabuni, sigara na magari wakalipa kulingana na hesabu hiyo.

CBS walikuwa mabwana wakubwa. ABC walikuwa wa mwisho, vituo vichache, pesa kidogo. Aubrey akaacha mabwana mwishoni mwa 1956 akaenda kwa wanyonge kuwa mkuu wa vipindi. Ukitazama haraka utasema amerudi nyuma. Wapi! Kule ABC hakuwa na pesa ya kununua mastaa waliokomaa, kwa hivyo ilibidi apate vitu vya bei nafuu vinavyonasa watu mara moja. Ndipo zikaja Maverick, 77 Sunset Strip, The Donna Reed Show, na The Real McCoys, vichekesho kuhusu familia ya wakulima wa milimani waliohamia California.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilimfunza somo. Watu wa New York walidhani Marekani ni wao: majumba marefu, tamthilia za heshima, mazungumzo ya wasomi. Lakini umeme na runinga zilikuwa zimefika mashambani na miji midogo, na wale watu walikuwa wengi kuliko wa New York. Walitaka kucheka wakiona watu wanaofanana na wao. Hakuna aliyekuwa akiwahudumia ipasavyo.

Mwaka 1958 CBS wakamrudisha.

Kiti chaachwa wazi

Halafu bahati ikamfungulia mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa wazimu kwa mashindano ya maswali ya runinga, ambapo mtu wa kawaida aliingia kwenye kibanda, akajibu maswali magumu na kutoka na maelfu ya dola. Ikaja kugundulika kuwa baadhi ya washindi walikuwa wakipewa majibu mapema. Ilikuwa aibu ya taifa, hadi Bunge la Congress likafanya vikao. Mkuu wa shirika la runinga la CBS, Louis Cowan, ndiye aliyekuwa amebuni kipindi maarufu kuliko vyote vya aina hiyo, The $64,000 Question. Desemba 1959 Cowan akaondoka.

Aubrey akaketi. Alikuwa na umri wa karibu miaka 41.

Juu yake walikuwa wazee wawili. William Paley, mwenye nyumba, aliyeijenga CBS kutoka kampuni ndogo ya redio, mtu wa michoro ghali na suti safi. Na Frank Stanton, rais wa kampuni nzima, msomi mwenye shahada ya uzamifu, mtaratibu, sura ya CBS mbele ya serikali. Wawili hawa walijivunia kwamba CBS si kampuni ya kuuza sabuni tu, ni taasisi ya heshima.

Sasa ona kilichofuata. Playhouse 90, mchezo wa kuigiza wa dakika tisini ambao wakosoaji waliupenda sana, ukafa 1960. Nafasi yake na nyingine kama hizo zikachukuliwa na vichekesho vya nusu saa. The Andy Griffith Show, kuhusu polisi wa mji mdogo usio na uhalifu wa maana. Mister Ed, farasi anayeongea. My Favorite Martian, kiumbe kutoka sayari ya Mars anayeishi kwa watu. The Munsters, familia ya mazimwi wapole. Na Septemba 1962 ikaingia The Beverly Hillbillies.

Hadithi yake ni hii: familia ya Clampett, washamba wa milimani, wanagundua mafuta kwenye shamba lao, wanakuwa matajiri, wanahamia Beverly Hills na lori lao bovu na nyanya yao juu. Wanaishi kwenye jumba la kifahari lakini tabia ni zile zile za kijijini. Wakosoaji walitapika. Paley mwenyewe hakuipenda. Lakini katika wiki chache tu ikawa nambari moja nchini, na ikabaki nambari moja msimu wa kwanza na wa pili. Kipindi kimoja cha Januari 1964, kuhusu sungura mkubwa kupita kiasi, kilikuwa miongoni mwa vipindi vya nusu saa vilivyotazamwa zaidi katika historia ya runinga ya Marekani.

Na doo? Faida ya shirika la runinga la CBS ilikuwa takriban dola milioni 25 mwaka 1959. Mwaka 1964 ilikuwa milioni 49. Msimu wa 1963–64, kati ya vipindi 15 vilivyoongoza usiku, 14 vilikuwa vya CBS. Soma tena. Kumi na nne kati ya kumi na tano. Nchi nzima, washindani wawili wakubwa, wakaachiwa nafasi moja.

Kabla ya hapo, Mei 1961, mkuu mpya wa tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, Newton Minow, alikuwa amesimama mbele ya wakubwa wa runinga na kuwashambulia hadharani. Aliwaalika wakae mbele ya runinga zao kutwa nzima bila kitabu cha kujiliwaza, waone wenyewe jangwa walilolitengeneza. Hotuba hiyo inakumbukwa hadi leo. Aubrey akaendelea kama kawaida. Mwaka 1964 CBS ilipoleta Gilligan's Island, vichekesho kuhusu watu saba waliokwama kisiwani baada ya boti yao kuharibika, mtunzi wake Sherwood Schwartz aliibatiza ile boti Minnow. Ndiyo, ilikuwa kijembe kwa yule mkubwa wa serikali. Boti iliyozama.

Hapa ndipo wengi humlaani Aubrey na kusema alivuruga akili za watu. Mimi sikubali haraka hivyo. Mtu anayecheka Clampett akiwa kwenye kijiji cha Tennessee baada ya siku ndefu shambani si mjinga. Kwa miaka mingi wenye runinga walimfanya kama hayupo, na huyu muuzaji wa Lake Forest akamwona. Alimwona kwa sababu ya pesa, sawa. Lakini alimwona.

Tatizo la Aubrey halikuwa namna alivyowasoma watazamaji. Lilikuwa namna alivyowatendea watu aliokutana nao uso kwa uso.

Kwa nini swila

Alikuwa mrefu, mkakamavu, mtanashati, macho ya samawati, sauti ya chini. Hakupiga kelele. Alitabasamu. Mtayarishaji John Houseman ndiye anayetajwa kuwa alimpa jina la swila anayetabasamu, na jina likamkaa kama ngozi. Unajua swila anavyofanya: anainuka taratibu, anakutazama, na ukishtuka mambo yameisha.

Jack Benny alikuwa mchekeshaji mkubwa kuliko karibu wote wa kizazi chake. Mwisho wa miaka ya 1940 Paley mwenyewe ndiye aliyemnyakua kutoka NBC, na ushindi huo ndio uliosaidia kuipaisha CBS. Benny alikuwa kama kombe la Paley kwenye kabati. Mwaka 1964 Aubrey akamwacha aende. Hesabu ilikuwa inashuka, mzee amechoka, kwaheri. Benny akarudi NBC kumalizia.

Judy Garland, yule binti wa The Wizard of Oz ambaye sasa alikuwa mama mwenye madeni na afya mbovu, alipewa kipindi cha muziki Jumapili usiku kuanzia Septemba 1963. Wakampanga saa moja na Bonanza ya NBC, kipindi cha kauboi ambacho hakuna aliyekuwa akikiweza. Wakabadilisha watayarishaji, wakabadilisha mtindo, na baada ya vipindi 26 wakamfungia. Kama uliwahi kumtuma mtu vitani bila panga halafu ukamlaumu kwa kupigwa, unaelewa.

Na watu wa habari? Idara ya habari ya CBS ilikuwa na jina kubwa duniani. Kwa Aubrey, kila taarifa maalumu iliyokatiza kipindi ilikuwa pesa inayomwagika. Alivutana na Fred Friendly, aliyekuwa mkuu wa habari kuanzia 1964, kuhusu muda na bajeti. Hiyo vita waandishi wa huku kwetu hamhitaji kuelezewa.

Nyumbani pia mambo yalivunjika. Yeye na Phyllis walitalikiana 1962. Baada ya hapo New York na Hollywood zikajaa uvumi kuhusu starehe zake za usiku. Mimi sitaurudia, kwa sababu uvumi ni uvumi. Ila Jacqueline Susann alipotoa riwaya yake The Love Machine mwaka 1969, kuhusu kigogo wa runinga mrembo, baridi na asiyetosheka, hakuna mtu wa tasnia aliyeuliza mhusika huyo ametolewa wapi.

Paley na Stanton walikuwa wapi wakati haya yote yakitokea? Walikuwa pale pale, ghorofa ya juu. Walikunja uso kuhusu farasi anayeongea, kisha wakapokea hesabu za mwaka. Hili usilisahau ukisoma kuhusu swila. Nyoka alikuwa na wenyewe, na wenyewe walikula mayai.

Mara moja aliyosahau hesabu

Sasa njoo hapa, maana hapa ndipo maisha yake yanageuka.

Utaratibu wa runinga ya Marekani ulikuwa hivi: kabla shirika halijanunua kipindi, mtayarishaji anatengeneza kipindi kimoja cha majaribio. Wakubwa wanakitazama, watu wa kawaida wanaonyeshwa, halafu ndipo uamuzi unafanywa. Ni kama kuonja mchuzi kabla ya kuwaita wageni. Aubrey aliyekataa wengi kwa kipimo hicho alikuwa na rafiki anaitwa Keefe Brasselle, mwigizaji wa kiwango cha kati ambaye hakuwa na historia yoyote ya maana kama mtayarishaji wa runinga.

Kwa msimu wa 1964–65, kampuni ya Brasselle, Richelieu Productions, ilipata vipindi vitatu CBS. Vitatu kwa mpigo. Bila majaribio.

The Reporter, kuhusu mwanahabari wa New York, kilizikwa Desemba hiyo hiyo baada ya vipindi 13. The Cara Williams Show haikuvuka msimu. The Baileys of Balboa, kuhusu nahodha wa boti ya kukodisha, nayo haikuvuka.

Hiyo ya boti ina utamu wake. Schwartz, mtunzi wa Gilligan's Island, alisimulia baadaye kwamba Aubrey hakupenda wazo lake la watu kukwama kisiwani. Alitaka boti iende mahali tofauti kila wiki. Schwartz akakataa kubadilisha. Basi msimu ule ule CBS ikawa na boti mbili: moja ya Schwartz, iliyopita kwenye majaribio na kupendwa na watu, na nyingine ya rafiki wa mdosi. Boti ya Schwartz iliyozama ikaelea miaka mitatu. Boti ya rafiki ikazama kweli.

Umeona? Mtu aliyejenga jina lake kwa kusema hesabu haina rafiki, mara moja tu alipoweka urafiki mbele ya hesabu, ikamchoma. Angalau hiyo ndiyo sehemu iliyoonekana hadharani. Minong'ono ya hongo na manufaa ya kando ikaanza, na maswali yakaulizwa kuhusu uhusiano wake na watayarishaji waliouzia CBS vipindi. Hakuna kosa la jinai lililowahi kuthibitishwa dhidi yake. Lakini ofisini huhitaji kupatikana na hatia ili uchomeke. Inatosha watu waanze kufunga milango wakikuzungumzia.

Wakati huo huo ushindani ukaamka. NBC ilikuwa na Bonanza, ambayo msimu huo ilikuwa nambari moja nchini. ABC ikaja na Bewitched, kuhusu mchawi mrembo aliyeolewa na mtu wa matangazo, ikashika nambari mbili. Ule ukuta wa kumi na nne kati ya kumi na tano ukabomoka ndani ya miezi.

Wikendi ya Februari

Mwisho wa Februari 1965 Aubrey alikuwa Miami Beach, kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mchekeshaji Jackie Gleason, mmoja wa mastaa wa CBS. Akaitwa arudi New York. Jumamosi ya tarehe 27 akakutana na Stanton. Mkutano ulipoisha, hakuwa tena rais wa chochote. Jumapili ikatangazwa, na nafasi yake akapewa John Schneider, aliyekuwa akisimamia kituo cha CBS cha New York.

Alikuwa na miaka 46. Na sikiza hili: siku aliyopigwa kalamu, CBS bado ilikuwa ya kwanza. Kwa kidogo, lakini ya kwanza. Wawekezaji waliposikia habari waliingiwa na baridi na hisa za CBS zikashuka. Soko lilimwamini. Wenzake ndio hawakumtaka.

Ndiyo maana mimi siamini maelezo mepesi kwamba alifukuzwa kwa sababu ya vipindi vitatu vibovu. Kila mkuu wa runinga ana vipindi vibovu. Mtu mwenye marafiki husamehewa vitatu. Aubrey alikuwa amemkata Benny kwa tabasamu, amemtupa Garland kwa Bonanza, amewadharau watu wa habari, amewafanya watayarishaji wangoje nje kama wanafunzi waliokosa karo. Siku yake ilipofika, hakuna hata mmoja aliyebisha mlango wa Stanton kumwombea. Aliye juu mngoje chini, na wengi walikuwa wamengoja kwa subira.

MGM na viatu vyekundu

Kwa zaidi ya miaka minne hakupata kiti kikubwa. Halafu 1969 mfanyabiashara Kirk Kerkorian akanunua udhibiti wa MGM, ile kampuni ya sinema yenye nembo ya simba, ile ile iliyokuwa imemwajiri Phyllis. Ilikuwa ikizama kwenye hasara. Kerkorian alihitaji mtu wa kukata bila kulia. Oktoba 1969 akamwita swila.

Aubrey alikata. Mwongozaji mashuhuri Fred Zinnemann alikuwa siku chache tu kabla ya kuanza kupiga filamu ya Man's Fate, ikafutwa. Studio ya MGM ya Uingereza ikafungwa. Viwanja vya kupigia filamu Culver City vikauzwa. Mei 1970 wakapiga mnada wa vifaa na mavazi ya miaka mingi ya sinema, na humo vilikuwemo viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland kwenye The Wizard of Oz. Vikaondoka kwa dola 15,000. Garland mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Jozi nyingine ya viatu hivyo iliuzwa Desemba 2024 kwa dola milioni 28 kabla ya ada za mnada. Muuzaji mkubwa, lakini hapo aliuza mapema.

Kwa filamu alifanya kama alivyofanya runingani: aliingiza mkono. Blake Edwards alikatiwa Wild Rovers. Sam Peckinpah alinyang'anywa Pat Garrett and Billy the Kid ya 1973 na kuona ikitolewa ikiwa imekatwakatwa. Waongozaji hao hawakumsamehe. Lakini kwa upande mwingine wa daftari, MGM ilirudi kwenye faida, na filamu za bei nafuu kama Shaft ya 1971, iliyoongozwa na Gordon Parks, Mmarekani mweusi, na yenye shujaa mweusi anayetembea Harlem kama mwenye mtaa, zikaleta pesa nzuri. Tena aliona watazamaji ambao wengine walikuwa hawawaoni. Tena kwa sababu ya pesa.

Oktoba 1973 akajiuzulu. Desemba hiyo Kerkorian akafungua hoteli kubwa ya MGM Grand huko Las Vegas. Kampuni ya sinema ikawa jina juu ya kasino.

Baada ya hapo Aubrey alijitegemea, akatayarisha filamu kama Futureworld ya 1976 na sinema ya runinga kuhusu wasichana wanaoshangilia timu ya Dallas Cowboys mwaka 1979. Kazi za kawaida. Simu haikulia tena kama zamani. Alifariki Los Angeles kwa mshtuko wa moyo Septemba 3, 1994, akiwa na miaka 75.

Na wewe uko wapi hapa?

Kuna jambo moja lililotokea yeye akiwa ameshaondoka CBS. Mwaka 1971 CBS ilifuta The Beverly Hillbillies na karibu vipindi vyote vya mashambani kwa mpigo. Usidhani watu walikuwa wameacha kuvitazama. Baadhi bado vilikuwa na mamilioni. Vilifutwa kwa sababu waliovitazama walikuwa wazee na watu wa vijijini, na wenye matangazo walitaka vijana wa mjini. Yaani watu kama wewe.

Aubrey aliamini kwamba hesabu ni hesabu, kwamba kichwa kimoja ni sawa na kingine ukishavijumlisha. Alikosea hapo. Wenye pesa huwa na vichwa wanavyovipenda na wasivyovipenda. Leo wanapenda chako: wewe ni kijana, uko mjini, una simu, na kila unapogusa kioo kuna mtu anakuhesabu na kukuuza kwa mwenye bidhaa. Wale babu wa Tennessee nao walipendwa, miaka kama tisa hivi. Kisha ikaamuliwa mezani New York kwamba kicheko chao hakilipi tena, na hakuna aliyewapigia simu kuwaambia.